Msumeno wa Marehemu Karekezi

Gurudumu la juu la msumeno lilikuwa likizunguka taratibu, na jenereta ilikuwa haijawashwa. Habumugisha aliweka kiganja juu yake, likasimama. Ni upepo, alijiambia, ingawa asubuhi ile kijijini Burungu hapakuwa na upepo, ni ukungu tu juu ya malisho.

Alikuwa amechoka mno kujiuliza zaidi. Bega lake la kulia lilikuwa limekwisha kwa kupasua mikaratusi kwa mkono tangu ujana. Ama apate mashine, ama aache useremala, yeye na mkewe Uwamwezi wakaishi kwa kumwomba shemeji maziwa. Ndiyo maana alikuwa ameshuka mjini Sake kuchagua msumeno wa mkanda, ule wenye utepe wa chuma wenye meno, unaozunguka kwenye magurudumu mawili.

Muuzaji, Jean-Claude, alimwonyesha miwili.

"Hii iko mupya, Papa. Iko mwepesi, ata mama anaweza kuibeba."

"Kama mama anaweza kuibeba, gogo nalo litaibeba," Habumugisha alijibu, akaitikisa meza yake kwa kidole kimoja.

Wa pili ulikuwa wa zamani, chuma kitupu, magurudumu mapana, na nafasi ya kupitisha ubao mnene. Aliuzungusha kwa mkono, akatega sikio kwenye beringi, akabonyeza utepe kuona unavyokaza. Huo ndio! Aliuliza kila kitu kuhusu mashine, ila hakuuliza habari za aliyekuwa nayo kwanza. Na kwao hata jembe kuukuu huulizwa kwanza: aliyelitumia, kama amekufa, kilio chake kiliondolewa? Maana siku ya kuondoa kilio ndipo mrithi hushika kifaa cha marehemu mbele ya ndugu, na marehemu huambiwa kazi yake imepata mtu, apumzike. Habumugisha aliyajua hayo vizuri sana. Alitaka tu kufika nyumbani akae chini.

Baada ya gurudumu ikaja harufu, jasho la mtu aliyefanya kazi bila kuoga, likichanganyika na mbao mbichi, wakati kwenye kibanda chake cha useremala hapakuwa na ubao mbichi hata mmoja. Kisha siku moja adhuhuri, yeye na Uwamwezi wakila viazi, walisikia utepe ukivuma, wakaenda wameshikana mikono, na mlangoni wakaona ubao ukisogea wenyewe juu ya meza ya msumeno, polepole, bila pupa, ukifika mwisho, ukirudi, ukisogea tena, na nyuma yake pumzi za mtu aliyechoka kupita kiasi, pumzi nzito zenye kikohozi cha vumbi, za mtu asiyejali kama anatazamwa kwa sababu hana nafasi ya kugeuka.

"Papa," Uwamwezi alinong'ona, "uliuliza mwenye mashine?"

"Sikuuliza."

"Yesu wangu! Juu ya nini?"

"Nilikuwa nachoka, mama."

Habumugisha alimpigia simu Jean-Claude, naye akasema: mashine ilikuwa ya fundi Karekezi, aliyefia njiani wakikimbia vita. Mjane wake, Vénantie, alikuwa kambini Kashuga. Walimwita, akaja, mwembamba, viatu mkononi. Alisimama mbele ya msumeno akaanza kulia kabla hajasalimia.

"Tulimuzika mu bashi ya plastiki, bila sanduku," alisema. "Hatukukaa kilio. Kila mutu alikimbia kwake. Hakuna mwenye alimuambia kazi imeisha."

"Muko na mutoto mwanaume?" Habumugisha aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hatukuzaa. Wewe ndiyo uko na mashine yake. Ushike wewe kama mrithi, ao uniachie niende nayo."

"Mwache aende nayo, Papa," Uwamwezi alisihi. "Tafazali."

Habumugisha aliwaza bega lake, akawaza mlango wa shemeji. Aliogopa, kwa kweli aliogopa sana, lakini alinyoosha mkono wa kulia akaushika msumeno.

"Karekezi," Vénantie aliita, "kazi yako imepata mutu. Lala sasa."

Walisali Baba Yetu. Pumzi ile ilivutwa kwa mara ya mwisho, ndefu, kisha kibanda kikawa kibanda tu. Harufu iliondoka. Uwamwezi alicheka na kulia kwa pamoja, akampikia mgeni chai ya maziwa.

Kesho yake Habumugisha aliamka bega haliumi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Walipoketi kula, mkono wake wa kulia haukwenda kwenye sahani. Ulisogea mbele juu ya meza, kiganja kimesimama kama kinasukuma ubao, polepole, bila pupa, ukafika ukingoni, ukarudi, ukasogea tena. Uwamwezi aliushika kwa mikono miwili, akaulalia kwa uzito wake wote, nao ukamsukuma pamoja na sahani.

"Simamisha, Papa!"

"Haisimame," Habumugisha alisema, machozi yakimtoka. "Hainiume ata kidogo, mama. Iko natumika kazi tu."