Vigingi vya Mikoko

Katika kijiji kizima cha Mlingotini hakuna msichana aliyejua kufunga mwani kwenye kamba kama Hajra. Yaani wasichana wa miaka kumi na miwili. Nao walikuwa wawili, na mwenzake alikuwa kitandani na homa.

Kila maji yalipokupwa, Hajra na mama yake, Ashatu, waliteremka shambani mwao baharini. Zamani mvua ikinyesha, mwani wao ulioza mkekani. Sasa kikundi cha akina mama kilikuwa kimepewa kikaushio: kibanda cha nailoni chenye feni za umeme wa jua. Sharti lilikuwa moja. Vigingi vya kufungia kamba visikatwe kwenye mikoko, maana huko ndiko samaki wanakozaliana.

Jumatatu vikaonekana visiki vibichi kumi na vinne kwenye mikoko. Afisa misitu akaitisha mkutano.

"Aliyekata ajulikane leo, la sivyo kikaushio kinaondoka."

Macho yote yakamgeukia Ashatu, kwa kuwa vigingi vyake vilikuwa vipya.

"Vyangu ni vya mvinje, si vya mkoko," alisema. "Tumevibeba kichwani kutoka kijiji cha Zinga, mimi na mwanangu."

"Zinga!" Bi Sikuzani, mwenyekiti wa kikundi, alicheka. "Mwenzetu kumbe ana shingo ya ngamia!"

Wanawake wakaangua kicheko. Jirani aliyeomba chumvi kwao jana yake akasogea mbali na Ashatu.

Bi Sikuzani akasimama. "Sikilizeni, wanangu. Mashine ni nzuri, lakini mashine haizai samaki. Tukiimaliza mikoko, bahari itakuja kutumaliza sisi. Anayetaka maendeleo asikate kinachomlisha."

Yalikuwa maneno ya kweli, na hilo ndilo lililouma.

"Basi Ashatu atoke, kikaushio kibaki," akaendelea Bi Sikuzani. "Mimi tangu nizaliwe sijagusa mkoko kwa panga, wallahi!" Akanyoosha kiganja kuapa.

Kiganja kilikuwa chekundu, wekundu ule wa magome mabichi ya mkoko, ambao sabuni haiuwezi.

"Shikamoo, bibi," alisema Hajra. "Mkononi kuna nini?"

"Marahaba. Hina, mjukuu wangu. Nilikuwa harusini."

"Mkono mmoja tu, bibi?"

"Hina iliisha."

"Harusi ya nani?"

Mlingotini mtu hapigi chafya wengine wasijue, sembuse kuoa. Bi Sikuzani alitupa macho huku na huku.

"Ya... ya Mwinyimvua."

Mwinyimvua, fundi wa mitumbwi, alikuwa amekaa palepale, ubavuni mwa mke aliyemwoa miaka ishirini iliyopita.

"Yangu?" akauliza.

Safari hii hakuna aliyecheka.