Mwashi wa Dirisha la Juu

"Mbona umenyamaza?" Ushahidi aliuliza, akiinua macho kwenye karatasi. "Au nimeisoma vibaya?"

Domo hakujibu. Ajabu hiyo, maana jina hakupewa bure. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na kila alipotoka darasani alivaa beji yake ya kuongoza watalii, akawazungusha kwenye vichochoro vya mji mkongwe huku akiongea mpaka koo linamkauka. Msichana naye aliitwa Ushahidi kwa kuwa hata ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza ushahidi uko wapi. Alisomea historia, alipanga chumba kwa bibi mwenye nyumba hii waliyoketi barazani kwake, na kesho kutwa angesimama mbele ya jopo la walimu kutetea tasnifu yake.

Alikuwa anamsomea sura ya tatu, aliyoipenda kuliko zote. Juu ya vichwa vyao kulikuwa na dirisha lililozibwa kwa mawe. Zamani, ilisema sura hiyo, baba mmoja aligundua binti yake anapendana na mwashi mwenye kuchechemea. Akamwita mwashi yuleyule aje alizibe dirisha ambalo kwalo binti alikuwa akimchungulia. Mwashi akaziba, lakini jiwe moja hakulibana, ili binti awe analitoa na kumwona akipita.

"Nimeipata kwa wazee wa mtaa," Ushahidi alisema kwa fahari. "Bibi aliisikia kwa bibi yake. Mwalimu anasema sura hii ndiyo itakayonibeba."

Domo akasingizia kuna wageni wanamsubiri, akaondoka.

Hakukuwa na mgeni yeyote. Alizurura tu mpaka simu yake ikalia kwa ujumbe wa Ushahidi:

"Kama sura ni mbaya niambie. Wewe ndiye ninayekuamini."

Mdomo huponza kichwa, na huu wa kwake ulikuwa karibu kuponza vichwa viwili. Akinyamaza, msichana angetetea uongo mbele ya walimu wake. Akisema, angempoteza kabla hata hajamwambia kwamba anampenda. Maana Domo yule, na maneno yake yote, kwa hilo alikuwa bubu. Akapiga moyo konde, akarudi, akamkuta palepale barazani.

"Ile hadithi ni yangu," alisema.

"Yako kivipi?"

"Niliitunga mimi. Siku yangu ya kwanza kazini, mgeni aliniuliza kwa nini dirisha limezibwa. Niliona haya kusema sijui. Wenzangu wakaichukua, ikaenea, mpaka imeingia kwenye tasnifu yako."

Sauti ya Ushahidi ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Ushahidi uko wapi?"

"Mwashi anachechemea mguu wa kushoto. Baba yangu ni mwashi, na anachechemea mguu huohuo."

"Waashi wanaochechemea ni wengi."

"Binti wa dirishani akiwaza anazungusha ncha ya mtandio kidoleni. Umeandika mwenyewe."

"Nimeandika. Kwa hiyo?"

"Tazama mkono wako."

Akautazama. Ncha ya mtandio ilikuwa imezungushwa kidoleni na kukazwa barabara.

"Asubuhi ya siku ile tulikuwa kwenye foleni ya kujiandikisha chuo," Domo alisema. "Ulikuwa mbele yangu. Mgeni aliponiuliza habari za dirisha, kichwani mwangu ulikuwemo wewe tu. Nakupenda tangu foleni ile. Nimekuwa nikiwasimulia watalii kwa sababu wewe nilishindwa kukuambia."

Machozi yalimlengalenga msichana, na hasira pia ilikuwepo.

"Umechagua siku ya kuniambia," alisema. Akakusanya karatasi zake, akaingia ndani na kufunga mlango.

Bibi alikuwa anachambua mchele. Ushahidi akamuuliza kama kweli ile hadithi aliambiwa na bibi yake.

"Bibi yangu hakuwa na hadithi, mjukuu wangu, alikuwa na fimbo," bibi alijibu bila haya. "Niliwasikia vijana wakiwaambia wageni hapo nje. Nikaipenda, nikamsingizia marehemu bibi yangu."

"Na dirisha je?"

"Dirisha aliliziba babu yako. Mvua ilikuwa inanilowesha nikilala. Alibeba yale mawe mwenyewe mgongoni, na wala hakuwa mwashi."

Ushahidi aliketi karibu naye, akamwomba aisimulie tena, polepole.

Siku iliyofuata Domo alipiga simu, haikupokelewa. Asubuhi ya utetezi ndipo ujumbe ulipoingia:

"Njoo ukumbini. Useme mbele ya jopo yale uliyoniambia. Yote, isipokuwa ya mwisho."

Alikwenda akijua mwenyekiti wa waongoza watalii amealikwa, na huyo mzee hutokwa na machozi kila akiisimulia hadithi ya mwashi. Domo alisimama, akaungama. Mwenyekiti aliponyoosha mkono, yeye akaivua beji mwenyewe na kumkabidhi.

Kisha Ushahidi akaeleza sura yake mpya. Alisema hadithi yaweza kuzaliwa jana na kesho ikaota mvi, kwa kuwa watu wanaitaka. Halafu akawasimulia habari za mume asiye mwashi aliyebeba mawe ili mkewe asilowe. Mwenyekiti alilia upya, safari hii kwa haki kabisa. Walimu walinong'onezana kidogo, wakampongeza kwa kufaulu.

"La mwisho, si la mtihani," alisema mwalimu wake. "Yule mwashi na binti waliishia wapi? Sura haisemi."

Ushahidi aligeuka, akamtafuta Domo kule nyuma alikokaa bila beji yake. Akamtazama kwa muda, na mkono wake ukapanda kwenye ncha ya mtandio.

"Bado nakusanya ushahidi, mwalimu," alisema. "Ila binti ameshalitoa jiwe."

Ukumbi ulicheka bila kuelewa vizuri. Domo alielewa, akafungua kinywa aseme, na neno halikutoka.