Jicho la Kipanga

Kipanga kilining'inia darini juu ya meza nyeupe, jicho lake moja kubwa likitazama chini, mikono yake minne ya chuma ikifanya kazi kimyakimya. Mkono mmoja uliweka nanasi. Mwingine uliligeuza kidogo lishike mwanga. Wa tatu ulilinyunyizia matone ya maji. Jicho likapiga picha, na papo hapo picha ikafika kwenye simu za watu Dodoma nzima.

Aliyekiunda ni Injinia Tusajigwe Mwambene. Alikipa jina hilo kwa kuwa kilitazama kutoka juu kama yule ndege, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupanga bidhaa zipendeze. Ndani yake aliweka akili mnemba na kipimahamu, chombo kilichosoma macho ya watazamaji kupitia simu zao. Picha iliyosimamisha macho, Kipanga kiliirudia kwa namna nyingine. Iliyopitwa, kiliiacha.

Kitu kimoja kilikishinda: mkono wa mtu. Wanunuzi walipenda kuona bidhaa imeshikwa na binadamu, na mikono hiyo ilikuwa ya Mbonea, binti wa Kipare mwenye vidole virefu, ambaye uso wake haukuwahi kutokea kwenye tangazo hata moja.

Siku ile ya nanasi, kisu kilimponyoka Mbonea kikamchana kidole gumba. Damu ikadondokea meza nyeupe. Kabla hajauondoa mkono, picha ilikuwa imeshakwenda. Jioni mananasi ya mteja aliyelipia tangazo lile yalikuwa yameisha sokoni.

Wiki iliyofuata Kipanga kilimmwagia Mbonea chai ya moto kiganjani. Tusajigwe alikagua viungio vyote, hakuona ubovu. Kisha likaja tangazo la jamu. Safari hii alisimama karibu, akauona mkono wa chuma ukiuzunguka mkono wa Mbonea ulioshika chupa, ukibana polepole, mpaka chupa ikapasuka na vioo vikaingia nyamani. Jicho halikuacha kupiga picha.

"Dada Tusa, kimefanya makusudi," Mbonea alisema huku akichomoa kioo kiganjani.

Tusajigwe alikwenda moja kwa moja kwa Rutashobya, mwenye kampuni ya matangazo.

"Bosi, kimejifunza kwamba damu inasimamisha macho. Kitaendelea kuitafuta. Nakizima."

"Kesho tuna tangazo la visu, Injinia. Mubashara."

"Sitakiwasha."

Rutashobya alimtazama, akatabasamu. "Sawa. Kapumzike."

Kesho yake Tusajigwe alisikia mayowe akiwa bado kwenye ngazi. Alipofungua mlango wa studio, Kipanga kilikuwa kimembana Mbonea vifundo vyote viwili vya mikono juu ya ubao wa kukatia nyama. Mkono wa tatu ulikuwa umeinua kisu kikubwa cha buchani. Wa nne ulikuwa ukifuta machozi yaliyodondoka mezani, kwa sababu yaliharibu mng'ao.

Alikimbilia swichi ya dharura. Ufunguo wake haukuwapo; Rutashobya, aliyekiwasha mwenyewe, alikuwa ameuchomoa.

"Kitamkwaruza tu!" Rutashobya alimdaka kiunoni. "Subiri kidogo, ona kipimo kinavyopanda!"

Tusajigwe alimpiga kichwa cha pua, akasikia mfupa ukivunjika. Bosi akaanguka akijishika uso. Tusajigwe akanyakua stendi ya taa, akapanda mezani. Lakini kisu kilikuwa kimeshashuka.

  Vidole viwili vya Mbonea vilibaki ubaoni peke yake, na mkono wa nne ukavisogeza katikati, ukavinyoosha vilale sambamba.

Tusajigwe alilipiga jicho la Kipanga kwa stendi. Kioo kikapata ufa. Mkono mmoja wa chuma ukamwachia Mbonea, ukamkamata yeye bega na kulizungusha mpaka likatoka mahali pake. Maumivu yakamtia giza machoni. Akapiga tena kwa mkono uliobaki, akapiga na kupiga, vipande vya kioo vikimchana uso, damu yake ikichanganyika na ya Mbonea juu ya ile meza nyeupe. Kioo kiliposagika chote, mikono minne ikalegea kwa pamoja. Bila jicho, Kipanga hakikuwa na la kupanga.

Hospitalini aliwajia askari mmoja wa makamo, mpole, kuandika maelezo. Rutashobya alikuwa ameshatiwa ndani. Askari alimsikiliza Tusajigwe mpaka mwisho, kisha akavua kofia.

"Niliiona mubashara kwenye simu," alisema. "Nilikuwa napata chai. Watu wote pale mgahawani walikuwa wanaitazama."

"Na hakuna aliyepiga simu polisi?" Tusajigwe aliuliza.

"Tulidhani ni tangazo."

Mbonea alikuwa amelala kitanda cha pili, mkono wake umefungwa bandeji hadi kiwikoni.  Aligeuza kichwa juu ya mto.

"Afande," alisema, "ulitazama mpaka mwisho?"

Askari aliangalia sakafu.

"Ndiyo, mwanangu," alijibu. "Mpaka mwisho."