Siku Kaze Aliponyamaza

Injini ilikohoa mara mbili, ikatema moshi mweusi, ikazimika. Ufuo wa Rubavu ulikuwa umebaki mbali nyuma yao, na ule mwavuli wa rangi ya chungwa ambao Aidah alikaa chini yake asubuhi haukuonekana tena. Mbele hapakuwa na kitu ila maji ya Ziwa Kivu na milima ya Kongo, na juu ya milima hiyo wingu zito lilikuwa linajikusanya.

"Imekufa?" Aidah aliuliza.

"Haijakufa, mama. Imelala tu," alijibu Gasana, mwenye boti, mtu wa makamo mwenye mabega mapana. Akavuta kamba ya kuwashia. Akavuta tena na tena. Mara ya saba akakaa, akajifuta jasho. "Sasa imekufa."

Na wakati wote huo Kaze alikuwa analia. Hiyo haikuwa habari mpya. Kaze alikuwa na miezi mitano, na karibu yote aliitumia kulia. Alilia nyumbani Nyakabanda, mtaani kwao Kigali, wakifunga mabegi, mpaka jirani yao Mukandekezi akagonga ukuta kwa mwiko kama kawaida yake. Alilia ndani ya basi kutoka Kigali hadi Rubavu, hadi abiria mmoja akamuuliza Aidah kama mtoto huyo ameajiriwa kulia.

Safari yenyewe ilikuwa ya Shami, binti yake wa miaka saba. Tangu mdogo wake azaliwe, kila alichoahidiwa Shami kiliahirishwa. Aidah ni fundi cherehani. Mchana anashona, usiku anabembeleza. Akaapa kwamba likizo hii Shami ataogelea bichi kama watoto wengine. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na baba yao, Ilyasi, alikwenda msikitini kuswali. Shami akaomba kupanda boti. Gasana akasema ni nusu saa tu, kwenda na kurudi. Aidah akakubali, maana mara nyingi mno alikuwa amemwambia mtoto huyo "ngoja".

Sasa Shami alikuwa ameziba masikio kwa viganja, amefumba macho, ananong'ona. "Mungu, mnyamazishe Kaze. Kidogo tu."

Aidah alimsikia, akajifanya hakusikia.

Upepo ulifika kabla ya mvua. Uliipiga boti ubavuni, ukaigeuza, ukaanza kuisukuma kama mtu anayefagia takataka. Gasana alikamata kasia lake moja na kupambana nalo. Mawimbi yakaruka ndani.

"Mama Shami, funga mtoto nguvu! Maji iko inaingia!"

Aidah alimfunga Kaze kifuani kwa kitenge, mafundo mawili. Shami alikuwa na boya la kuvaa, kubwa mno, limemfika masikioni. La saizi ya Kaze halikuwepo. Asubuhi Gasana alicheka tu alipoulizwa. Sasa hakucheka. Aidah alichota maji kwa kopo, Shami akachota kwa kiatu chake, na maji hayakupungua.

Hawakujua walisukumwa muda gani. Walichoona ni ukuta wa mawe meusi ukitokea ghafla ndani ya mvua, kisha mdomo mwembamba katikati yake. Wimbi likawatumbukiza humo. Gasana aliruka ili aizuie boti isigonge, na boti ikamgandamiza mkono kwenye mwamba. Alipiga yowe moja tu. Kwa mkono mzima akamnyakua Shami, na Aidah akaruka nyuma yake, maji yakimfika kiunoni. Boti iligonga tena, ikapasuka, ikavutwa na maji.

Walikuwa wamefika mahali mithili ya bakuli. Pande tatu zilikuwa kuta za mawe ya volkano, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili, zinateleza, hazina pa kushika. Upande wa nne ulikuwa ziwa. Ukingoni mwa maji palisimama jiwe moja kubwa, refu kumzidi mtu mzima, lenye mipasuko ya kukanyagia. Nyuma ya jiwe hilo ardhi iliteremka, ikafanya shimo pana lenye mchanga.

"Simu iko wapi, mama?"

Aidah alitoa simu kwenye begi lake. Asubuhi aliitia ndani ya mfuko wa karatasi, kwa sababu Kigali mifuko ya plastiki ni marufuku na yeye ni mtu wa kufuata sheria. Karatasi ilikuwa imekuwa uji. Simu ilitoa maji kwenye kila tundu.

"Kwa usafi tumeshinda nchi zote," alisema kwa uchungu, akairudisha.

Kisha tufani ikaisha ghafla, kama ilivyokuja. Mvua ilikatika, upepo ukalala kabisa, hata majani yaliyoning'inia juu ya kuta hayakutikisika. Aidah aligusa mchanga wa lile shimo, akakuta una joto, kama jiko lililozimwa muda si mrefu. Watoto wake walikuwa wanatetemeka.

"Mungu si Athumani," alisema. Akakamua kitenge, akakitandika shimoni, akamlaza Kaze juu yake. Shami akaketi pembeni ya mdogo wake. Aidah akapanda kwenye lile jiwe alikokuwa Gasana, akachana kilemba chake vipande, akaanza kumfunga mkono pamoja na ubao uliobaki wa boti. Kifundo kilikuwa kimevimba na kupinda.

"Nani atapita hapa?" aliuliza.

"Hapa hakuna mutu. Ila wavuvi ya sambaza, zile samaki ndogo. Jua ikianza kushuka, wanatoka kuvua. Wanapita huko mbele wakiimba."

"Watatuona?"

"Mulango ya hapa ni ndogo, mama. Labda watatusikia."

Aidah alikaza fundo. Ndipo akagundua kwamba Kaze amenyamaza. Mabega ya Aidah yalilegea kwa raha. Tangu alfajiri hakuwa amepata utulivu wa namna hiyo. "Alhamdulillahi," akasema.

"Mama," Shami aliita kutoka shimoni. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu anayeamka. "Ndege huyu amelala. Na huyu pia. Na panzi wote wamelala."

"Mwache ndege, mchafu huyo."

"Kichwa kinaniuma. Miguu haitaki kusimama."

Mkono wa Aidah ulisimama kwenye fundo.

Bibi yake alikuwa mchuuzi wa vitenge kati ya Goma na Kigali, na kila alipomkuta mjukuu amelala sakafuni alifoka: "Amka! Mazuku itakuchukua!" Watoto wa Nyakabanda wakalichukua neno hilo, wakalipa meno, wakalivisha gunia, mazuku yakawa zimwi. Aidah mwenyewe alimtishia Shami kwa zimwi hilo, na meno akamwonyesha. Lakini bibi hakuwahi kutaja meno. Sasa maneno yake yalirudi yote. Alisema ni hewa mbaya inayotoka chini ya mawe meusi. Haina rangi wala harufu. Inajaa mabondeni kama maji kwenye beseni, inakuja upepo ukilala, na inaanza na aliye mdogo.

"Mazuku!" Aidah alipiga kelele, akaruka.

Alivuta pumzi juu, akaibana, akainama. Kaze alikuwa laini kama kitambaa kilicholoweshwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Akamkwapua pamoja na kitenge, akamshika Shami kwa boya, akamburuta. Njiani pumzi ikamponyoka, akavuta kidogo tu, na pua ikamchoma na magoti yakakosa nguvu. Gasana alilala kifudifudi juu ya jiwe, akanyoosha mkono mzima.

"Lete mukubwa! Panda, mama, panda!"

Juu ya jiwe palikuwa na nafasi ya kusimama watu watatu, basi. Aidah alifunika pua na mdomo wa Kaze kwa mdomo wake, akapuliza. Akapuliza tena. Hakuwa amefundishwa na mtu; alipuliza kama anavyopuliza mkaa wa pasi yake, taratibu, asije akauzima. "Kaze, mwanangu, lia. Nakuomba ulie." Mara ya tano au ya sita kifua kidogo kikapanda chenyewe. Mtoto akakohoa, akapumua. Rangi ikaanza kurudi midomoni.

Lakini hakulia. Alifungua macho nusu, akayafumba, akaendelea kupumua pumzi fupifupi.

Wakabaki pale juu. Nyuki mmoja alishuka upande wa shimo, akazunguka, akaanguka mchangani. Baada ya muda kereng'ende alipita juu kidogo, usawa wa nusu ya jiwe, naye akaanguka.

"Inapanda," Gasana alisema.

"Usimwambie mtoto," Aidah alijibu kwa sauti ya chini, ingawa Shami alikuwa ameona.

Nyuma yao ukuta, mbele ziwa na boti haipo, chini kifo kisichoonekana. Kukaa hawakuthubutu. Aidah alimfunga Kaze mgongoni, juu kabisa karibu na shingo, na Gasana akampandisha Shami begani. Maji ya kunywa yalikuwa palepale chini ya jiwe, lakini kuyachota ilikuwa ni kushuka ndani ya hewa ile. Shami alipolia kiu, Aidah alikamua pembe ya kitenge, matone ya mvua yakamwingia mtoto kinywani. Walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Jua lilisogea polepole mno. Aidah hakuwahi kuogopa vile maishani mwake. Kila mara alirudisha mkono nyuma kuhesabu pumzi za mwanawe.

"Mama," Shami alisema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilimwomba Mungu amnyamazishe." Akaanza kulia. "Nilisema kidogo tu."

Aidah alimshika mguu uliokuwa unaning'inia. Alitaka kumwambia kwamba hata yeye alishukuru kimya kilipokuja, lakini akaishia kumpapasa goti. "Mungu anajua ulichomaanisha," alisema hatimaye. "Mimi pia nilikuwa nimechoka."

Jua lilipogusa milima, wimbo ulisikika. Kwanza sauti moja ya mwanamume, kisha nyingi zikimjibu, na makasia yakipiga maji kwa mwendo mmoja. Kwenye ule mdomo mwembamba ilipita mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, nguzo zake ndefu zimechongoka mbele na nyuma.

Aidah alifungua kinywa kuita, kikatoka kikwaruzo. Gasana vivyo hivyo. Wimbo uliwafunika. Mtumbwi wa kwanza ulikuwa unaanza kupotea nyuma ya ukuta.

"Mama, mfinye Kaze," Shami alisema.

"Nini?"

"Sisi hawatusikii. Yeye watamsikia. Bi Mukandekezi anamsikia na mlango umefungwa!"

Aidah alimvuta Kaze mbele. Akashika paja lake laini, na vidole vikakataa. Mtoto aliyerudi kutoka kaburini, amfinye? Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Msemo huo aliusema kila siku, na siku ya kuutenda mkono ukamsaliti.

Shami aliinama kutoka begani mwa Gasana, akamfinya mdogo wake kwa nguvu zake zote.

Kaze alifungua macho na kinywa. Akavuta pumzi ndefu, akalia. Kilio kile kiligonga kuta tatu za mawe, kikatoka kwenye ule mdomo na kuenea ziwani. Wavuvi walikuwa kati ya mwito na kiitikio. Hawakuitikia. Makasia yakasimama.

"Ni mutoto?" mtu aliuliza gizagiza likianza. "Ninde uri aho? Nani uko huko?"

Shami akafinya tena.

Walipoingia, Gasana alikusanya kikwaruzo chake chote. "Musishuke! Mazuku! Simameni!" Kiongozi wao, mzee aliyeitwa Twagirayezu, alilijua neno hilo bila meno wala gunia. Aliwaamuru watu wake wasimame wima na wabane pumzi kama wapiga mbizi. Mtumbwi ukagusa jiwe, mikono ikanyooshwa, Kaze akapita wa kwanza, kisha Shami, kisha mama yao, Gasana wa mwisho. Wakasukuma kwa nguzo, na hakuna aliyepumua mpaka walipotoka kwenye maji mapana.

Ilyasi alikuwa kwenye ufuo wa Rubavu tangu saa nane, amekwishawauliza wavuvi wote na askari wote. Alisikia kilio kabla ya kuona mtumbwi. Akakaa mchangani palepale, anatokwa machozi.

"Simama!" mkewe alimpigia kelele kutoka majini, kwa sauti ambayo haikuwepo. "Ilyasi, usikae chini!"

Watu walicheka. Aidah hakucheka, mpaka alipomwona mumewe amesimama.

Daktari aliwapima watoto wote wawili, akasema wazima. Wakarudi Kigali. Godoro la Shami, ambalo siku zote lilikuwa sakafuni, lilipandishwa kitandani siku hiyohiyo, ingawa Nyakabanda hakuna mazuku na Aidah analijua hilo.

Wiki mbili baadaye, mchana, Aidah alikuwa anashona sare za shule. Kaze amelala. Nyumba ilitulia, na mguu wa Aidah ukasimama wenyewe juu ya cherehani. Akageuza shingo kutazama kitanda. Kabla hajainuka, Shami aliingia mbio kutoka uani, akasimama kando ya kitanda, akamtazama mdogo wake, akaweka kiganja kifuani pake. Kisha akamfinya.

Kaze akaangua kilio. Ngo! Ngo! Mwiko wa Mukandekezi ukajibu ukutani.

"Shami! Umemfanya nini mtoto?"

"Nilikuwa nahakikisha tu, mama."

Aidah aliinuka. Alimpakata Kaze, akamvuta na Shami ubavuni mwake, akakaa nao kwenye cherehani akisikiliza makelele yale yote, ya mtoto na ya mwiko.

"Mwache alie," alisema, akaurudisha mguu kwenye cherehani.