Ng'wa Nani

Jioni hiyo Machibya alikuwa akitafuta sulesheni ya kuzibia mpira wa baiskeli, basi. Tairi la nyuma lilikuwa limetoboka kwenye mlima wa juu ya Londiani, nchini Kenya, siku ya tisa tangu atoke Bariadi, na mahali pekee palipokuwa wazi ni kibanda cha mbao chenye koroboi dirishani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Alivaa sweta mbili, magazeti kifuani, soksi mikononi, na bado meno yaligongana. Kwao mtu akisikia Julai ina baridi hujifunika shuka akalala. Huku na shuka lako ungeokotwa asubuhi umekakamaa.

Akaisukuma baiskeli kuelekea kwenye mwanga.

Pa... pa... pa...

Nyayo za mtu peku, nyuma yake. Alipoegesha baiskeli, nazo zikasimama.

Hakugeuka. Tangu Mkula hakuwa amegeuka hata mara moja. Nyayo hizo zilimfuata kwenye mchanga wa Lamadi, zikavuka naye mpaka wa Sirari, zikapanda naye Kisii na Kericho. Hata kwenye miteremko, alipoachia breki mpaka upepo ukamtoa machozi, zilikuwa palepale nyuma ya keria, mwendo uleule wa mtu asiye na haraka. Na harufu ilikuwa ileile, ya ngozi ya ng'ombe aliyechunwa sasa hivi.

Hakuwa na haki ya kulalamika. Kitu hicho alikwenda kukiomba mwenyewe.

Mwaka mmoja nyuma, katika zile zama za ruksa ambapo kila mwenye baiskeli na mapaja mazuri alijiita mfanyabiashara, mdogo wake Jilala alikwenda Nakuru kufuata cheni na spoki. Alikwenda na Deogratias, mtoto wa mzee Athanasi wa Ngulyati, rafiki yake wa kula sahani moja. Aliyerudi ni baiskeli. Dereva wa lori kutoka Bunda ndiye aliyeileta, na habari pia. Jilala alishikwa na homa mlimani, mvua inanyesha. Deogratias akamvua koti lake la kijani, akachukua na karatasi yake ya kusafiria, akamwacha kando ya barabara. Waliomwokota walimkuta anaweza kusema, akasema nani amemfanyia hivyo, kisha akafa. Mtu wa Bariadi, kufa kwa baridi! Deogratias alibaki hukohuko milimani, hakuthubutu kurudi.

Baba yao, mzee Maduhu, alikaa bila kusema neno wiki tatu. Ya nne wakamzika.

Ndipo Machibya alipokwenda Mkula kwa bibi mmoja ambaye watu wa kanisani humtaja kwa kunong'ona. Mama yake, Nyanjige, alimsihi asiende, akamwambia hasira hasara. Wapi. Moyo wake ulikuwa umeshageuka kaa la moto, na kaa la moto halisikii wosia. 

"Unamtaka mtu," bibi akauliza, "au unaitaka nyumba?"

Bibi aliuliza mara mbili, ili baadaye mtu asije akasema hakuulizwa. Mara zote mbili Machibya alijibu kwamba anaitaka nyumba. Deogratias kufa peke yake ilikuwa haitoshi. Alitaka mzee Athanasi naye akae bila kusema neno, aangalie mlango.

Masharti hayakuwa mengi. Bibi alifunga kitu kwenye kipande cha ngozi, akakifunga chini ya tandiko la baiskeli. Kuna mwenzako atakufuata kwa miguu, akasema, usimgeukie. Ukimpata mtu wako, msalimie jua linapozama. Nyumba atakayoitaja kwa kinywa chake, mwenzako atakwenda huko achukue mmoja.

Hapo ndipo penye ujanja. Msukuma ukimsalimia, salamu haiishi kwenye kuitikia. Utaulizwa ng'wa nani, yaani mtoto wa nani, na utajibu kwa jina la baba yako. Mtu mzima hujibu bila kufikiri, kama anavyopangusa jasho. Deogratias hata angekuwa mwisho wa dunia, akisikia lugha ya kwao ikimuuliza ng'wa nani, angejibu ng'wa Athanasi.

Mwenye kibanda hakumjua Deogratias yeyote. Lakini alimwambia Machibya kwamba Mtanzania mmoja yupo, mrefu, wa koti la kijani, analima viazi vya watu, na kila jua likizama hupita barabara hii kufuata tumbaku. Damu ilimpanda Machibya kichwani. Alisahau sulesheni. Alisahau na kuuliza Mtanzania huyo anaitwaje, jambo ambalo mtoto mdogo angeliuliza.

Akasimama kando ya barabara, kitambaa usoni, baiskeli mkononi. Mwanga ulikuwa unakwisha. Ukungu ulipita mbele yake vipande vipande...

Akasikia kikohozi.

Kisha koti. Koti tupu kwanza, ndivyo lilivyoonekana, linakuja lenyewe katika ukungu. Halafu miguu. Uso haukuonekana.

"Mwadila," akasema Machibya. Ndiyo salamu ya jioni.

Koti likasimama.

 Mahali fulani maji yalidondoka kwenye bati.

"Mwadila," sauti ikajibu, chini sana.

"Ng'wa nani?"

Nyuma yake harufu ya ngozi ilimjaa puani. Kitu kilikuwa kimesogea karibu, kimeinama, kinasikiliza.

"Ng'wa..." Yule mtu alisita. Alikohoa tena. "Ng'wa Maduhu."

Machibya alihisi baridi ikimwingia mahali ambapo magazeti hayafiki. Maduhu alikuwa baba yake. Nyumba ya Maduhu ilikuwa ni mama yake, na mke wake Gloria, na Mina, binti yao wa miaka mitano.

"Sema kweli," akanong'ona. "Sema jina la baba yako."

Koti halikuwapo tena.

Pa... pa... pa...

Nyayo zilikuwa zinakwenda. Kwa mara ya kwanza aligeuka. Barabara ilikuwa tupu, lakini kwenye tope la ukingoni palikuwa na unyayo, mmoja, na mwingine, na mwingine, vidole vikielekea kusini.

Alimkimbilia mwenye kibanda, akamuuliza mtu wa koti jina lake. Anaitwa Jilala, mwenye kibanda akasema, jina liko kwenye karatasi yake. Kisha akakuna kichwa, akakumbuka kitu. Hakudhani kama amepita leo. Jumatatu alipanda lori la viazi kwenda Nakuru, na hajaonekana tangu siku hiyo.

Kama alikuwa Deogratias, basi aliisikia lugha ya kwao gizani, akaogopa, akajificha ndani ya jina la marehemu kama alivyojificha ndani ya koti lake. Na kama hakuwa Deogratias... Machibya hakulimalizia wazo hilo. Aliziba mpira kwa kukata kipande cha ndala na kukifunga kwa uzi, akageuza baiskeli.

Njia aliyoipanda kwa siku tisa aliirudi kwa tano. Alilala vichakani saa mbili tatu, akaamka na umande kwenye kope. Hewa ya milimani ilimwingia kooni, na alipofika Kisii sauti ilikuwa imekwisha, imebaki mikwaruzo tu. Alimlaani Deogratias mpaka matusi yakamwishia. Akaanza kujilaani mwenyewe, na huko matusi hayakuisha.

Pale Sirari mama wa chai alimtazama akasema mwenzake amepita jana, hana viatu, maskini, na hakutaka hata maji.

Alipofika Mkula alimkuta bibi anapepeta mtama, akapiga magoti mbele yake. Kwa ile mikwaruzo ya sauti alimweleza yote, akamwomba akirudishe kile kitu. Bibi aliendelea kupepeta. Maji yakimwagika, akasema, nani anayazoa?

"Kitafika kitasalimia," akaongeza, bila kuinua macho. "Nyumba ikinyamaza, kitachoka kiondoke. Wasiitikie. Kazi yako ni kuwawahi."

Hilo tu alilihitaji. Nyumba inyamaze. Alikanyaga pedali mpaka goti likalia. Pale Dutwa barabara ilikuwa imejaa malori ya wanunuzi wapya wa pamba na watu wamekalia magunia yao, na fundi baiskeli mmoja aitwaye Marcelo, aliyekuwa akimfahamu, alimpungia mkono amsimamishe.

"Kaka, mgeni wenu kapita saa nane," Marcelo akasema. "Yule wa peku. Kwenu alikuwa hapajui, nimemwelekeza vizuri mpaka kwenye njia panda."

Jua lilikuwa limeegemea vilima alipouona mji wao. Pamba ilikuwa imeanikwa uani, nyeupe tupu, na Gloria na Nyanjige walikuwa wameinama wanaichambua. Walikuwa wazima. Akaiacha baiskeli ianguke.

Gloria alikuja mbio akisema, "Baba Mina, umekuwaje?" Machibya alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Akamshika mabega, akajaribu tena, akafanikiwa kunong'ona kwamba asiitikie. Mtu akisalimia asiitikie mtu yeyote. Gloria alidhani ni homa, akamgusa paji la uso.

Pa... pa...

Upande wa pili wa ua wa minyaa.

Pa.

Ng'ombe waliokuwa zizini waliacha kucheua, wote kwa pamoja. Harufu ikafika.

"Mwadila," ikasema sauti nje ya ua.

Ilikuwa sauti ya Jilala.

Nyanjige aliinuka, pamba ikamdondoka mapajani. Uso wake ulikunjuka, ukawa uso ambao Machibya hakuwa ameuona tangu Jilala aondoke. "Mwanangu," akasema, akavuta pumzi ya kuitikia, na Machibya akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja, mama yake mzazi. Mkono mwingine ulimziba Gloria. Wakaanguka wote watatu kwenye pamba. Mama yake alimng'ata. Hakuachia.

"Mwadila," ikarudia sauti, kwa upole.

Nyumba ilinyamaza. Machibya alihesabu pumzi zake. Moja. Mbili. Ua haukutikisika. Jua lilibaki kipande chembamba, likimalizika hilo basi yamekwisha, na alijikuta anamwomba Mungu ambaye kwa mwaka mzima hakumsemesha.

"Mwadila," ikaitikia sauti nyembamba kutoka chumbani.

Mina. Alikuwa amelala juu ya lundo la pamba kavu, na sasa ameamka, na mgeni amesalimia mara mbili bila watu wazima kumjibu, jambo la aibu.

"Ng'wa nani?" ikauliza sauti ya Jilala.

Machibya alitaka kupiga kelele. Kooni kulitoka upepo.

"Ng'wa Machibya," Mina akasema.

Nje ya ua nyayo zilisogea kidogo, zikasita. Machibya hakupumua. Machibya siyo jina lililotajwa kule mlimani. Nyumba iliyotajwa ni nyingine. Ukingo wa jua ulikuwa unazama, na moyo wake ulianza, polepole, kuthubutu.

"Na Machibya," ikauliza sauti, "ng'wa nani?"

 Mtoto alikuwa anakumbuka. Hilo nalo alikuwa amefundishwa, na baba yake mwenyewe, jioni nyingi, apate kujua kwao.

"Ng'wa Maduhu," akasema.

Machibya alikuwa bado ameziba mdomo wa mama yake.