Mlango Mmoja, Mke Mmoja

Pakiti ya kijani iliyokaa juu ya seva ilikutwa tupu asubuhi, na hakuna aliyekuwa ameifungua.

Kila ofisi ya kompyuta pale Tainan, Taiwan, ina pakiti yake ya vitafunwa vya mahindi. Lazima iwe ya kijani, isiwe imepitwa na tarehe, na mtu asithubutu kuila, maana ndiyo inayoifanya mashine itulie na kutii. Cheka ukitaka, nimeona wahandisi wenye shahada mbili wakiipangusa vumbi kwa adabu zote. Sasa hii ilikuwa imesinyaa, imefungwa vilevile pembe zote, ndani hamna hata chembe.

“Panya,” alisema Bosi Tu, mwenye kampuni.

“Panya gani huyo anakula bila kutoboa?” Liao Po-han, mwandishi wa programu, aliuliza, lakini kwa sauti ndogo, maana pua yake ilikuwa imenasa kitu. Ni maua ya yulan, yale meupe yanayouzwa kwenye mataa ya barabarani, yamechanganyika na harufu ya karatasi iliyoungua. Pale ofisini aliyezoea kutundika yulan kwenye skrini yake alikuwa mmoja tu, Chuang Mei-hsiu, na Mei-hsiu alikufa kwa ajali ya pikipiki mwaka uliopita.

Kampuni yao ilitengeneza kufuli za milango zinazofunguliwa kwa simu. Mei-hsiu na Po-han ndio walioandika skripti, yaani programu fupi, kwa lugha ya kompyuta ya Python, iliyobeba kazi yote. Ukibonyeza “fungua”, skripti inauchukua ujumbe wako, inausaga pamoja na ufunguo wa siri, na kutoa alama: mfuatano wa herufi na tarakimu usio na maana kwa macho. Mlango nao unasaga kwa upande wake. Alama zikilingana, unafunguka. Ukibadilisha nukta moja ya ujumbe, alama yote inageuka, na asiye na ufunguo hawezi kuitunga wala kurudi nyuma kuupata, kwa sababu kilichosagwa hakirudi kuwa punje. Ufunguo wenyewe ulikuwa maneno waliyoyachagua wao wawili, na hakuna mtu wa tatu aliyeyajua.

Hilo la “wao wawili” ndilo lililomkera Yeh Su-ching, mchumba wa Po-han. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mcheshi, mwenye mkono mzuri wa kupika, na mwenye wivu asioona sababu ya kuuficha. Mwanamke aliye hai angemmudu. Angemvizia, angemsema, angengoja anenepe. Lakini marehemu hanenepi. Marehemu hakosei tena, na kila siku anazidi kuwa mzuri kwenye kumbukumbu za watu.

Su-ching na Po-han walikuwa wamehamia ghorofa ya sita, na mlango wao ulikuwa na kufuli ya kampuni. Wiki ile ile ya pakiti, Su-ching alirudi mchana akiwa na bakuli mbili za uji wa samaki, akabonyeza simu, mlango ukakataa. Alisimama kwenye korido mpaka uji ukapoa. Ikawa mtindo: akija peke yake, mlango unajifunga, akija na Po-han, unafunguka kabla hawajaugusa, na ile harufu inatoka kuwapokea.

“Labda kuna mtu anachezea ujumbe njiani,” Po-han alisema. Aliuchukua ujumbe wa mwisho uliofika mlangoni, neno moja tu, “funga”, akausaga upya kwenye kompyuta yake pale mezani. Alama ikatoka. Akailinganisha na ile iliyopokelewa, herufi kwa herufi, kisha akarudia tena tangu mwanzo.

“Nini?”

“Ni sahihi. Aliyetuma ana ufunguo.”

“Nani ana ufunguo?”

“Mimi.”

“Na nani mwingine, A-Han? Mtaje. Mbona kumtaja kwako kazi?”

Po-han aliifunga kompyuta. Su-ching alilia usiku kucha kwa hasira, wala hakumwacha alale.

Walienda kwa Bibi A-luan, aliyekaa nyuma ya hekalu dogo la mtaani akiwaulizia watu mambo kwa vipande viwili vya mbao vilivyochongwa kama mwezi mchanga. Alivirusha, akavitazama vilivyoanguka, akavirusha tena. Kisha akamgeukia Po-han.

“Mwanangu, kwenye mazishi mlimchomea nini kimfuate huko?”

“Vitu vya kawaida, bibi. Nyumba ya karatasi. Nguo. Kompyuta ya karatasi.”

“Na juu ya kompyuta?”

Po-han aliinamisha kichwa. “Niliandika ufunguo. Niliona… niliona asije akafungiwa nje huko aliko.”

“Ulimpa ufunguo wa nyumba yangu!” Su-ching alifoka.

“Wakati ule haikuwa nyumba yako.”

“Punguzeni sauti,” Bibi A-luan alinong’ona, akitazama mlango. “Kilichochomwa kimefika. Badilisheni ufunguo, leo hii. Na msimchomee kitu tena, msimlishe, msimjibu, msimchokoze. Hasa wewe, binti.”

“Mimi? Mimi nimefanya nini, bibi?”

“Bado hujafanya.”

Jioni ile Po-han alibadilisha funguo za wateja wote kwa herufi za kubahatisha, ndefu, zisizotamkika. Alipofika kwenye mlango wao, Su-ching alimshika mkono.

“Huu nachagua mimi. Ule wa kwanza mlichagua nyinyi. Andika: mlango mmoja, mke mmoja.”

“Si ndiyo tuliyochapisha kwenye kadi za harusi? Ufunguo hauwi maneno ambayo watu wanayajua, Su-ching. Mtoto wa shule anajua hilo.”

“Shangazi zangu watajua kusaga alama? Andika.”

Aliandika. Mwenye hatia hana nguvu ya kubishana.

Na mlango ukatulia. Kila siku ujumbe ulikuja, ukasagwa, ukatupwa: alama hailingani, alama hailingani, asubuhi na mchana, bila kuchoka. Su-ching aliusoma akinywa chai kama anayesoma vichekesho. “Hailingani, dada,” aliiambia simu. “Jaribu tena.” Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata hata siku ya posa. Tayari alikuwa amevunja mawili kati ya aliyokatazwa, wala hakujali.

Mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina ukaingia, ule ambao milango ya kuzimu hufunguliwa na wafu hutoka kutembea. Kampuni ikaweka meza ya kuwakirimu mbele ya jengo: matunda, wali, makopo ya bia, pakiti za kijani, ubani, na pipa la kuchomea karatasi.

“Hii mizimu yako, Bosi, inakunywa bia?” alitania Su-ching, aliyekuwa amemfuata Po-han kazini.

“Shh! Sema ndugu wema,” Bosi Tu alimkanya. “Wanasikia.”

Su-ching akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. Katikati ya machungwa, kwenye kisahani, palikuwa na yulan mbili mbichi zilizofungwa kwa waya. Akamtazama Po-han. Po-han akatazama chini, akasema kichwa kinamuuma, anatangulia nyumbani.

Wivu ulimpanda mpaka masikio yakavuma. Alifungua mkoba, akatoa kadi ya harusi, nyekundu, maandishi ya dhahabu, picha yao wawili wamegusanisha vipaji vya uso, akaitupa ndani ya pipa.

“Soma,” alinong’ona. “Soma vizuri, ujue nani mke.”

Kadi ilishika moto upesi sana. Majivu yakapaa, yakaelea juu ya meza, yakaenda zao. Su-ching akajisikia mwepesi, akanunua kuku wa kukaanga, akarudi nyumbani jua likiwa bado linawaka.

Lifti ilipofunguka ghorofa ya sita harufu ilikuwa imejaa korido nzima, yulan na moshi, nzito kiasi kwamba alijikuta akipumua kwa mdomo, akabonyeza simu mara moja na mara nyingine huku kuku akimuunguza kiganjani, na simu ikatulia kidogo ikihesabu mambo yake, kisha ikaandika kile ambacho hakuwa amekiona tangu siku ile ya hekaluni, funga, alama sahihi, ndipo akaikumbuka kadi, akayakumbuka yale maandishi ya dhahabu, ndiyo ufunguo wenyewe, na kabla hajapiga kelele akasikia ndani ya nyumba yake Po-han akicheka kwa upole, kicheko ambacho yeye alikuwa akikipigania mwaka mzima.

“Vua viatu basi, ukae. Mbona mikono ya baridi hivyo leo?”

“A-Han!” Su-ching aligonga kwa ngumi zote mbili. “A-Han, ni mimi! Usimguse! Fungua!”

Kicheko kikakatika.

“Su-ching,” Po-han aliuliza kule ndani, “huyo mlangoni ni nani?”

Sauti iliyomjibu ilikuwa sauti ya Su-ching mwenyewe, ila ilikwenda polepole, ikitua kwenye kila neno kama mtu anayesoma kadi iliyoshikwa mkononi.

“Mlango mmoja,” ilisema. “Mke mmoja.”

Kisha komeo la pili likazunguka.