Bardakushi Mbele ya Wajomba

— Meseji yangu umeiona?

Metwali alikuwa amejipenyeza jikoni kwa mchumba wake, kawaacha mama yake na wajomba sebuleni wakisubiri kinywaji ili Fatiha isomwe, uchumba ukamilike.

— Nimeiona. "Toa sharubati. Hayo majani ficha, mama asiyaone."

Inshirah alisema hayo huku akifikicha majani makavu ya bardakushi ndani ya birika. Harufu ikaenea nyumba nzima.

Mji wote wa Fayumu unajua: bardakushi ukiitia kwenye nyama, mpishi hodari, ukiipaka nywele, mrembo. Ukiinywa kama chai, basi majirani washaanza kulichunguza tumbo lako.

— Mama akijua, Fatiha haisomwi leo.

— Basi isisomwe. Niolewe halafu ninywe chooni kama mwizi? Liwalo na liwe.

Akabeba sinia, akatoka nayo.

Hajati Fawkiya, mama yake Metwali, alinusa kikombe, akakirudisha kama kilichomng'ata.

— Binti yangu, hii si dawa ya wasiozaa?

— Ni dawa ya hedhi, Hajati. Yangu huja inapotaka, na mwanao nilimwambia zamani. Kuzaa anajua Mungu. Kama mmekuja kutafuta mtamba, soko la ng'ombe ni Jumanne.

Mjomba mmoja akameza kicheko, kikamtokea puani. Mashangazi wa Inshirah waliojazana mlangoni wakaacha kutafuna mbegu.

— Metwali, vaa viatu twende.

Metwali akasimama. Inshirah hakumtazama. Aliinama kuvipanga vikombe kwenye sinia.

Mkono ukaja, ukachukua kile kikombe kilichokataliwa.

— Utakunywa dawa ya wanawake mbele ya wajomba zako?

— Nakunywa kilichoandaliwa na mke wangu, mama. Na mimi ndiye niliyemwambia afiche. Aibu ni yangu, si yake.

Akapiga funda, akakunja uso.

— Mjomba, nisogezee sukari.

Mjomba mkubwa akasogeza sukari, akajichukulia kikombe chake. Wengine wakafuata.

Hajati akabaki wima, mkoba kwapani.

— Kaa, Hajati, alisema Inshirah. — Sharubati ipo, nitakuletea. Lakini hii siifichi, leo wala kesho.

Hajati alikaa. Hakutabasamu, na kikombe hakukigusa. Ila viganja alivifungua, na Fatiha ikasomwa.